Nilishinda Mjadala kwa Siri ya Mwenye Nyumba Wangu

Admin, lifiche jina langu, na la kanisa langu pia. Nina miaka ishirini na sita. Nilizaliwa Mpeketoni, nikasomea theolojia na lugha za Biblia katika chuo kimoja cha bara, na nilihitimu nikiwa wa kwanza katika Kigiriki na Kiebrania. Sisemi haya kwa majivuno, ingawa najua wengi wenu mtayasoma hivyo. Nayasema kwa sababu bila hayo hamtaelewa jinsi nilivyofika hapa nilipo, nimechoka hata kufungua kitabu.

Mwaka jana nilitumwa kulitumikia kanisa dogo mjini Lamu, la watumishi wa serikali na walimu wasio wenyeji. Nikapanga chumba cha juu katika nyumba ya mzee mmoja Mwislamu. Nitamwita Bwana Athmani, si jina lake. Alikuwa na chuo cha Kurani ukumbini mwake, na watoto wa mtaa mzima walisoma kwake. Aliponiona na vitabu vya Kiebrania alicheka, akasema, "Ewe ustadhi wa kanisa, hizi herufi zako ni binamu za zangu. Ndoo nikufundishe Kiarabu, utazielewa zaidi."

Kila alasiri tukaanza kusoma pamoja. Tulibishana sana, nami ni mtu wa kubishana, lakini hakuwahi kunipandishia sauti. Mkewe, Bi Zuhura, alituletea kahawa na kututania: "Hawa wawili wakikosa la kubishania, watabishania kikombe."

Alasiri moja Bwana Athmani alifunga kitabu katikati ya somo. Aliniambia kwamba tangu amzike mwanawe wa pekee wa kiume, anaposimama msikitini husimama mwili mtupu, moyo haumo. "Naomba kama mtu asemaye na ukuta," alisema. "Sijamwambia yeyote. Weye si wa hapa, ndiyo maana naweza kukwambia." Sikumjibu kwa hoja. Nadhani hiyo ndiyo siku pekee niliyofanya kazi ya uchungaji tangu nifike Lamu.

Baadaye ukaandaliwa mjadala wa dini kule Mokowe, ng'ambo ya maji, kati ya kanisa letu na mhadhiri wa Kiislamu aliyetoka Mombasa. Mchungaji wangu mkuu alinichagua mimi. Bwana Athmani alikuja pia. Alikaa safu ya tatu. Alisema asubuhi ile kwamba amekuja kumsikiliza mwanafunzi wake.

Mhadhiri yule hakuwa msomi, lakini alikuwa mcheshi, na ucheshi wake uliniumiza. Nilipotaja Kigiriki, aliugeukia umati: "Jamani, kuna Mgiriki humu ndani? Hakuna? Basi kijana huyu anasema na nani?" Watu walicheka, hata wa kwetu. Nilihisi miaka yangu yote ya kusoma imefanywa mzaha. Ndipo nikashika kipaza sauti na kusema: "Cheka, lakini mwalimu wenu mwenyewe, ninayelala chini ya paa lake, ameniambia kwa kinywa chake kwamba anaposali husimama mwili mtupu, anaongea na ukuta."

Upande wetu ulilipuka kwa haleluya. Upande wa pili uligeuka wote kuitazama safu ya tatu. Lamu kila mtu anajua nani anapanga kwa nani.

Tuliporudi, Bwana Athmani alinisogezea nafasi kwenye boti nikae kivulini. Alisema maneno machache tu: "Umesema vyema, mwanangu. Ila yale yalikuwa ya nyumbani."

Video ilisambaa hadi Kiunga. Wazazi wakawaondoa watoto wao chuoni, mmoja baada ya mwingine, hadi wakabaki wajukuu zake. Wazee wa msikiti walimwita wakamuuliza kama ni kweli. Alinyamaza. Hakunifukuza. Hunisalimia kila asubuhi, na salamu hiyo imenichosha kuliko matusi ambayo ningestahili.

Wiki hii Bi Zuhura alipanda chumbani kwangu, mumewe akiwa nje. Alibaki mlangoni. "Sikuya kukugombeza," alisema. "Jumamosi una mjadala mwingine, nimesikia. Simama useme ulimzulia."

Nikamwambia, "Bi, lakini alisema kweli."

"Najua alisema. Yeye hawezi kusema urongo, hata wa kujiokoa. Weye ndiwe uliyeyatoa nje, weye ndiwe wa kuyarudisha."

Nilimweleza mchungaji wangu. Alinijibu kwa ukali: "Ukiomba radhi tu, watasema tumeshindwa. Ukisema ulidanganya, nani atakuletea mtoto umbariki? Nyamaza, yatapita." Lakini nikiomba radhi kwa kuitoa siri, nitakuwa nimewathibitishia wote kwamba siri ipo. Nikinyamaza, mzee atazeeka katika ukumbi mtupu. Nikisema nilizua, nitakuwa nimesema uongo hadharani, mimi niliyefundishwa kwamba mhubiri hana kitu ila neno lake.

Msiniandikie aya, nazijua zote, na nyingine nazijua katika lugha zake za asili. Nimesoma waandishi wanaoruhusu uongo wa kuokoa mtu na wanaoukataza kabisa, na ningeweza kuutetea upande wowote mkanipigia makofi. Hilo ndilo linalonitisha. Sijui tena kama ninachokilinda ni ukweli au ni jina langu.

Ninyi msiobishana kwa ajili ya kushinda, niambieni: Jumamosi nikipewa kipaza sauti, niseme nini?