Yoga, Taipureta na Bosi Wangu wa Kitui

Mgongo wangu uliharibiwa na kiti. Kilikuwa kiti cha mbao kisicho na mto, kifupi mno kwa meza yake, na nilikikalia miaka sita nikiwa taipisti katika idara moja ya serikali mjini Kitui. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini. Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa nimeinua mabega kuifikia taipureta, na Jumamosi nikirudi kwetu Kabati nilikuwa nashuka garini kwa upande upande. Mama alikuwa akinitazama nikiingia uani na kuniuliza, "Kwani mzee wa hapa ni wewe au ni mimi?"

Dawa za maumivu hazikusaidia. Aliyenisaidia ni mjane mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Alikuwa amezaliwa Kitui na kuzeekea Kitui, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko changu mimi niliyesoma shule ya bweni. Siku moja niliinama dukani mwake kuokota mkoba nikashindwa kuinuka. Alizunguka kaunta, akanishika kiuno kwa mikono miwili, akaniambia nitoe pumzi yote niliyokuwa nayo, kisha akanisimamisha polepole kama mtu anayesimamisha gunia la mbaazi.

"Mwiitu wakwa," akasema, yaani binti yangu, "kesho uje saa kumi na moja na nusu alfajiri. Uje na suruali."

Sikuwa na suruali. Wasichana wa kanisa letu hawakuvaa suruali. Nilinunua kitambaa cha kijivu hapo hapo kwake nikaishona mwenyewe kwa mkono.

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha marobota ya vitambaa, na katikati mkeka mmoja. Hapo ndipo nilipoanza. Baba yake ndiye aliyemfundisha yule mjane yoga tangu utotoni, na sasa yeye alikuwa akiwafundisha wanawake wanane kila Jumamosi alasiri, wauguzi na wake za walimu. Mimi nilikuja kila alfajiri kabla ya kazi. Baada ya miezi minne niliweza kufunga viatu bila kuuma meno. Baada ya mwaka akaniambia magoti yake yamekwisha na atanifanya mwalimu.

"Mimi ni taipisti, Mama," nikamwambia.

"Jumatatu mpaka Ijumaa ni taipisti," akajibu. "Hizo siku zingine ni zangu."

Hakuwa mwalimu mpole. Alinifundisha mifupa kwa kunigonga na rula ya kupimia vitambaa, kila mfupa na jina lake. Alinifundisha kuangalia nyayo za mtu kabla ya kumwangalia usoni. Majina ya mikao alinifundisha kwa lugha ya Kihindi cha kale, nami nilikuwa nikiyakariri kazini huku vidole vikichapa barua za mbegu na mbolea. Jumamosi alikaa pembeni kwenye kigoda akaniachia wale wanawake wanane, na nikikosea kuwaelekeza alinyamaza tu mpaka mwisho, kisha akanirudisha kwenye kosa mara kumi. Mtihani wa walimu ulikuwa ukifanyika Nairobi mara moja kwa mwaka, siku ya Ijumaa, mbele ya wazee watatu wa Kihindi. Alikuwa ameshaniandikisha.

Sasa nieleze habari za bosi wangu. Alikuwa mkuu wa idara yetu pale Kitui, na kwao pia ni Kabati, kwa hiyo wiki nzima alikuwa bosi wangu na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa letu. Hakuandika barua kwa mkono hata moja. Alikuwa akitembea kati ya meza na dirisha akisema kwa Kiingereza, nami nikinukuu kwa hatimkato, yale maandishi ya alama za haraka. Lakini hakuweza kusema sentensi mbili bila kuingiza maneno yake mwenyewe katikati, masengenyo, matusi, na maoni yake juu ya yule anayeandikiwa. Kazi yangu ilikuwa kuchuja. Niliondoa uchafu, nikanyoosha Kiingereza, nikachapa barua safi, naye akatia sahihi bila kusoma. Makao makuu ya mkoa walimsifu kwa barua zake. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila kukumbuka nani anaziandika.

Jumamosi moja alikuja dukani kutafuta kitambaa cha suti. Mwenye duka alikuwa ndani nasi, na pazia la mlangoni lilikuwa limefunguliwa kidogo kwa sababu ya joto. Nilikuwa nimelala kifudifudi nikiwaonyesha wanawake mkao wa nyoka, kifua juu, mikono chini, nikiwa na ile suruali ya kijivu. Nilipoinua kichwa nikaona macho yake katikati ya pazia. Aliondoka bila kitambaa.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, alisimama mbele ya kanisa.

"Kuna mtu kati yetu," akasema, "analala chini kama nyoka, na asubuhi anasujudia jua. Mimi nimemwona na haya macho. Amevaa suruali." Akangoja. "Sitataja jina. Mama yake yuko hapa, anaimbisha kwaya."

Vichwa vyote vikamgeukia mama. Alikuwa amesimama mstari wa mbele wa kwaya na kitambaa chake cheupe kichwani, kitabu cha nyimbo mkononi. Alikuwa ameimbisha kwaya ile tangu nikiwa tumboni mwake. Mchungaji akamwomba, kwa sauti ya chini lakini sote tulisikia, akae nyuma mpaka mambo ya nyumba yake yatengenezwe. Mama alifunga kitabu, akakiweka juu ya benchi, akatembea katikati ya kanisa hadi kiti cha mwisho kabisa karibu na mlango. Mimi walinitenga na meza ya Bwana, na sikujali. Nilijali zile hatua za mama. Mpaka leo naweza kuzihesabu.

Nyumbani hakunilaumu. Alichambua mboga akaniuliza kama kile kitu kinanisaidia mgongo. Nikamwambia kinanisaidia. Akasema, "Basi," akaendelea kuchambua, na hakuimba tena jikoni.

Ningekuwa mtu mwema ningemsamehe yule mzee. Sikumsamehe. Niliamka na hasira, nikanywa chai na hasira, nikapanda juu ya mkeka na hasira. Mwalimu wangu alinisikiliza nikipumua siku moja akasema, "Unapumua kama mtu anakimbiza mwizi." Alijua habari yote, mji ule ni mdogo. Hakuniambia nisahau. Aliniambia nitoe pumzi polepole zaidi.

Nilipoomba ruhusa ya siku moja kwa ajili ya mtihani, bosi alikunja karatasi yangu mara mbili bila kuisoma.

"Ruhusa ya kwenda kwa shetani mimi sipeani," akasema. "Rudi kwa mashine yako."

Ijumaa ya mtihani niliipitisha kwenye kile kiti, nikichapa orodha ya mashamba. Saa nne, saa ambayo jina langu lingeitwa Nairobi, aliniita ninukuu barua.

Ilikuwa barua kubwa. Alikuwa akiomba kupandishwa cheo, na alikuwa akimwandikia mkuu wake wa mkoa mwenyewe. Alianza kutembea. "Kwa heshima kubwa naandika," akasema, "ingawa huyu mtu hajui kutofautisha mtama na nyasi." Akacheka. Akaendelea, "Nimeitumikia idara kwa uaminifu, sijui kama atasoma au mpaka asomewe na mkewe. Naamini uongozi wako wa busara, busara gani, aliletwa na mjomba wake, naamini uongozi wako utaona inafaa." Nikanukuu kila neno, kama kawaida. Akamaliza, akaenda kunywa chai.

Niliketi mbele ya taipureta. Niliweka karatasi tatu na kaboni mbili katikati, nikazinyoosha. Kisha nikachapa alivyosema. Sikuongeza neno na sikupunguza neno. Mtama na nyasi vikaingia, mke akaingia, mjomba akaingia, kila kimoja mahali pake na mkato wake. Haikuwa na kosa hata moja la herufi. Nilitoa pumzi polepole zaidi, kama nilivyofundishwa. Nikaipeleka mezani kwake pamoja na barua nyingine tano, naye akazitia sahihi zote huku akiongea kwenye simu.

Tarishi aliibeba hadi posta mchana huo. Nilisimama dirishani nikimtazama akivuka barabara na mfuko, na ningeweza kumwita. Nilikuwa na muda wa kutosha kumwita mara tatu.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, kwa simu. Bosi aliitwa makao makuu. Aliondoka akiwa na suti mpya, akidhani anaitiwa cheo. Aliporudi siku ya tatu hakumsalimu mtu. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akaweka barua mezani. Mtu alikuwa amepiga mistari myekundu chini ya maneno.

"Wewe ulijua," akasema.

"Nilijua nini, Mzee?"

"Ulijua hiyo si ya kuandikwa!"

"Niliandika ulivyosema, Mzee. Kitabu changu cha hatimkato kiko hapa, tunaweza kukisoma pamoja mbele ya yeyote unayetaka. Na sahihi ni yako."

Nilimwangalia nyayo, kama nilivyozoea kuangalia wanafunzi, nikaona uzito wote umeangukia visigino, kama mtu aliyesukumwa. Sitaficha kwamba nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikahisi njaa.

Jioni ile nilipita dukani nikamweleza mwalimu wangu. Aliuliza swali moja tu, "Na hakusoma kabla ya kusaini?" Nikasema hakusoma. Alicheka mpaka akakaa juu ya robota, akajifuta macho kwa ncha ya sari. Lakini kesho yake alfajiri alinisimamisha magoti yamekunjwa, kama nimekalia kiti ambacho hakipo, hadi miguu ikatetemeka.

"Hii ni adhabu ya barua?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Hii ni ya Jumatano. Shusha mabega."

Bosi hakuweza kunifukuza kazi, kwa sababu angelazimika kueleza ni kwa nini. Alichoweza ni kunihamisha. Aliniita ninukuu barua yangu mwenyewe ya uhamisho, kwenda Nunguni, kule milimani, ambako alijua hakuna mtu ninayemjua na ukungu hauondoki mpaka mchana. Safari hii hakutembea. Alikaa, akasema neno moja baada ya lingine kama anavuka mto kwa mawe, na nilipomletea aliisoma mara tatu kabla ya kutia sahihi. Nilimshukuru. Mama alinisindikiza hadi barabarani na blanketi mbili.

Mtihani niliufanya mwaka uliofuata. Nilishuka kutoka Nunguni alfajiri na kufika Nairobi na matope kwenye viatu. Wale wazee watatu waliniuliza mifupa, nikaitaja. Wakaniuliza majina ya mikao, nikayataja yote, na mmoja akamwangalia mwenzake. Kisha wakaniletea mwanamume mmoja mnene nimfundishe kuinama mbele. Alikuwa na namna ya kubana midomo kama bosi wangu, na nilipoweka kiganja mgongoni mwake nilijua ninasukuma kuliko inavyofaa. Akaguna. Nikaondoa mkono, nikamwomba radhi, nikaanza upya. Cheti walinipa, lakini chini yake mzee mmoja aliandika kwa kalamu kwamba mwalimu huyu ana mkono mzito. Alikuwa amesema kweli, na cheti hicho bado ninacho.

Nunguni nilipata ghala la wakulima, lililokaa tupu msimu wa mavuno ukipita. Wanafunzi wangu wa kwanza walikuwa wanawake wanne waliobeba kuni na maji maisha yao yote kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Shingo zao zilikuwa ngumu kama mti. Mmoja alikuwa mke wa mchungaji wa pale. Nilimwambia mapema kwamba kule Kitui watu waliita jambo hili ushetani.

Akavua sweta. "Shetani hajawahi kunibebea kuni," akasema. "Tuanze."

Mwaka wa pili walikuwa kumi na tisa. Niliendelea kuchapa barua siku tano kwa wiki, kwa bosi mwingine ambaye alizisoma. Mama alibaki kwenye kiti cha nyuma hadi alipohamia kanisa jingine, na kule hawakujua kwamba anaimba, naye hakuwaambia.

Watu hunieleza kwamba yoga huondoa kinyongo. Labda ya kwao. Mimi nilifundishwa kupumua, na nimepumua vizuri kwa miaka mingi nikiwa na kinyongo changu kamili.

Jumamosi moja, tukiwa katikati ya somo, yule tarishi wa Kitui alitokea mlangoni mwa ghala. Alikuwa ameleta faili ofisini kwetu, mlinzi akamwambia niko huku. Nilimwambia mke wa mchungaji awaongoze wenzake, nikatoka nje. Tulisimama kwenye baridi, akanieleza kwamba mkuu wetu wa zamani hakupata kile cheo. Walimwondoa Kitui wakampeleka kusimamia stoo ya majembe kwenye kituo kidogo upande wa Emali, chini ya kijana aliyekuwa karani wake. Huko hakuna taipisti. Anaandika kwa mkono mwenyewe, na yule kijana humrudishia barua azirekebishe.

"Nani alikuambia?" nikauliza.

"Nimemwona mwenyewe. Nimempelekea barua."

Ndani ya ghala nilisikia wanawake wakitoa pumzi pamoja. Nilimletea tarishi kiti, nikammiminia chai ya thamosi yangu mpaka kikombe kikajaa, nikamwomba anieleze tena, polepole, tangu mwanzo.