Maji ya Pipa la Nkuba

Nkuba, jirani yetu pale Usangu, hakuwa mtu mbaya, ila kukiri kosa mbele za watu kulimshinda. Alihamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga mwaka 1972, na kwa kuwamba ngoma hakuwa na mpinzani. Kila ngozi aliiloweka siku nne kwenye pipa la maji ya mfereji. Manyoya yakitoka kwa kidole gumba, aliitoa akaiwamba.

Mwaka 1976 fahali wa rafiki yake Seni alikufa. Fahali huyo ndiye aliyeongoza kundi lao la ng'ombe safari nzima ya kuja huku, na Seni akataka ngozi yake iwe ngoma ya mavuno. Nkuba, kwa uvivu tu, hakumwaga maji ya ngozi iliyotangulia. Akaitumbukiza ya fahali humo humo, akahesabu siku zake nne. Alipoivuta, manyoya yalitoka, na ngozi nayo ikafuata vidole kama utando wa uji.

Seni na sisi majirani tulikuwa tumesimama hapo. Nkuba akamgeukia mkewe, Kashindye, aliyekuwa akiosha vyombo karibu na pipa.

"Ni wewe uliyemwaga magadi humu."

Kashindye akainamisha kichwa. Mimi nilijua ni uonevu, nikanyamaza. Aibu yangu ninayo hadi leo.

Wiki iliyofuata alipita Tadeo, bwana mifugo kutoka Iringa, akayanusa yale maji.

"Humu mna bakteria, mzee, vijidudu visivyoonekana. Vikikua vinatema vimeng'enya majini, vya kulainishia chakula chao, na chakula chao ni ngozi. Kwenye maji mapya vinachukua siku kadhaa kuongezeka. Haya ya zamani yalishajaa vijidudu. Siku moja ingetosha manyoya kutoka; nne zimeiozesha ngozi."

"Na magadi?"

"Magadi ya kuoshea sufuria? Hapana."

Nkuba hakula siku hiyo. Kesho yake akaenda kwa Seni.

"Ndugu yangu, lile kosa la ngozi..."

"Limekwisha," Seni akamkatiza. "Mkeo alikuja jioni ile ile ngozi ilipoharibika. Alipiga magoti hapo ulipo, akaomba radhi, akaniachia kuku wake wawili. Alisema kama wewe umesema ni yeye, basi ni yeye."

"Kosa lilikuwa langu, Seni."

Seni akamwambia:

"Yeye ulimwaibisha mbele za watu. Mimi unaniambia hapa, tuko wawili."

Nkuba alibaki amesimama mlangoni hadi jua likawa kali, maana njia ya kurudi kwake ilipita katikati yetu sote, majirani tuliomsikia akimlaumu Kashindye.