Chupa ya Wifi Nyuma ya Kabati la Sabuni

Mimi si mtu wa kushuku watu ovyo, lakini wifi yangu alinipa sababu. Dada wa mume wangu huyu, anakaa kwetu, na kazi pale kwa dobi ninapopiga pasi nilimtafutia mimi. Tukawa tunapiga pasi meza moja, meza ya hariri. Miezi mitatu tu, mwenzangu akaanza kung'aa! Mashavu laini, mikono laini, midomo haina hata ufa. Mimi mwenye miaka tisa kazini, nikikunja ngumi vidole vinatoka damu.

Na hariri haitaki mikono ya hivyo. Ngozi iliyopasuka inanasa uzi, na nguo ya mtu imeharibika. Nilishaharibu mbili. Msimamizi akatuita, akasema mwisho wa mwezi meza ile itabaki na mtu mmoja, mwingine ashuke kwenye mashuka. Mashuka! Kule chini kwenye mvuke, wanakoanzia wanagenzi. Wakati anasema, macho yake yalikuwa mikononi mwangu.

Nikaanza kumchunga wifi. Kila baada ya muda, "Nakuja sasa hivi, wifi," anachukua kifuko chake, anapotelea nyuma ya kabati la sabuni. Anarudi anajifuta mdomo. Ahaa, nikasema, kikulacho ki nguoni mwako. Mle kabatini ndimo inamokaa dawa ya kulainishia nguo, ile ya bei mbaya. Huyu anaiba, anajipaka!

Siku moja nikamuuliza kwa upole wa uongo, "Wifi, siri yako nini?"

Akacheka. "Siri gani tena? Napaka mafuta ya kawaida tu. Wewe kunywa maji, wifi. Hunywi kabisa."

Kunywa maji! Kanifanya mtoto mdogo. Sisi wa hariri hatunywi maji kazini. Tone moja likidondoka kwenye nguo linaacha alama, ndiyo maana chupa zimepigwa marufuku ghorofa nzima, na bomba liko chini kabisa. Tena mpiga pasi hodari haachi meza. Mimi nilikuwa nafika saa tisa alasiri sijaonja hata funda moja, na nilikuwa najisifia. Nikaona wazi kabisa: anataka nishinde ngazini, meza ionekane tupu.

Nikamwahi. Nikamnong'oneza msimamizi kwamba kuna mtu anapunguza dawa kabatini, aangalie kifuko cha wifi.

Akaja, akaamuru kifuko kifunguliwe mbele ya watu wote. Ikatoka chupa, imezongwa taulo. Akainusa, akamimina kiganjani, akaonja.

"Maji," akasema.

Jamani, nilitamani sakafu inimeze. Wifi akaeleza. Muuguzi wa zahanati alimwambia kwamba joto la pasi linatutoa jasho kutwa nzima, na mwili usiporudishiwa maji, ngozi nayo inakauka. Mafuta apake, lakini anywe pia. Chupa aliificha kwa sababu ya marufuku.

Marufuku ni marufuku. Siku ile ile akashushwa kwenye mashuka. Hakuuliza nani kasema. Alinitazama mara moja, akachukua taulo lake, akaenda.

Nyumbani mume wangu alipouliza kulikoni, nikaweka kijiko chini. Wifi akajibu, "Nilivunja sheria ya kazi, kaka." Basi. Akaendelea kula.

Siku hizi nashuka bombani, nakunywa, msimamizi aseme atakavyo. Mafuta napaka pia. Nyufa za mikono yangu zimeanza kufunga na meza ya hariri ni yangu peke yangu. Lakini kila jioni wifi anaporudi kutoka kwenye mashuka, amelowa jasho, ananisalimia vilevile, nami namkagua usoni nikitafuta chuki. Angenichukia hata kidogo ningepumua. Bado sijaiona.