Nilipima damu ya upande mmoja tu, ndoa ya dada yangu ikataka kuvunjika (Mahurunga, miaka ya hamsini)

Wakuu, salaam kwenu wote, wa mjini na wa shamba.

Mimi ni mzee, tisini inabisha hodi. Simu nimefundishwa na wajukuu, nikikosea herufi mnivumilie. Ila hiki ninachoandika sikukisikia kwa mtu. Nilikifanya kwa mikono yangu, na sehemu yake moja bado naionea haya.

Nimeona uzi wa kijana humu anauliza amwache mkewe kwa sababu "ukoo wa mke una sickle cell". Kijana, kaa chini nikusimulie.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali moja pale Mtwara mjini. Koti jeupe, kalamu mfukoni. Nikipita mtaa wa Chikongola watu wananiita daktari na mimi sikatai.

Dada yangu Somoe alikuwa ameolewa kwetu Mahurunga na bwana mmoja anaitwa Issa, mtu wa kijiji cha Ziwani. Mtoto wao, Hadija, alikuwa na miaka sita. Kila mvua zikianza, mikono inavimba, macho yanakuwa ya njano, analia viungo mpaka sauti inakatika. Wadogo zake wawili tulishawazika.

Ndugu za Issa wakaanza maneno. Kwamba Somoe anakula watoto wake. Mnajua maana yake.

Mimi nikaona dawa ya maneno ni kipimo. Nikapanda baiskeli na vioo vyangu vya maabara kwenye mkoba. Nikatoboa kidole cha Hadija, cha Somoe, na changu.

Kwa nini changu na si cha Issa? Kwa sababu sisi Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye mwenye mtoto, baba ni mkwe aliyekuja kuishi kwetu. Hata wazo la kumpima Issa halikunijia, wakuu. Msomi mzima!

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unaweka tone la damu kwenye kioo, unafunika, unaziba pembeni kwa vaselini hewa isiingie, unasubiri mpaka kesho. Chembe nzima zinabaki duara. Zenye tatizo zinajikunja kama mundu.

Za Hadija zilijikunja. Za Somoe pia. Na zangu.

Nikarudi Mahurunga, nikasimama mbele ya ukoo kwa kujiamini kabisa, nikatangaza kuwa si uchawi, ni ugonjwa wa damu, na damu hiyo ni ya kwetu. Nilidhani nimemwokoa dada yangu.

Issa alisikiliza mpaka mwisho. Akakunja mkeka wake, akachukua panga, akarudi kwa mama yake Ziwani. Somoe alinigeukia. Akasema, "Kaka, wale walisema mchawi. Wewe umewapa na ushahidi."

Hilo neno liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Jumatatu daktari wetu, Mwingereza mmoja mpole, akafungua daftari langu.

"Baba yake yuko wapi?"

Nikamjibu kuwa baba hahusiki, mtoto ni wa kwetu.

Hakucheka. Akanikalisha. Akaniambia ndani ya chembe nyekundu kuna protini, himoglobini, ndiyo inayobeba hewa. Protini kazi yake inatokana na umbo lake. Ya wagonjwa hawa ina kasoro ndogo sana, lakini zikikosa hewa protini hizo zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinajipanga kama nyuzi za kamba ya ukambaa, zinaivuta chembe mpaka inapinda na kuziba mishipa.

Halafu akaniambia kubwa zaidi. Maagizo ya kuitengeneza protini hiyo, mtoto anapewa nusu na mama, nusu na baba. Mwenye nusu mbovu moja, kama mimi na Somoe, chembe zinajikunja kwenye kioo lakini mwilini yu mzima, analima. Anayeugua ni aliyepata mbovu mbili.

"Nusu ya pili ya Hadija imetoka wapi?"

Sikungoja jioni. Nikaenda Ziwani.

Issa alikuwa anapalilia mihogo, hakuinua kichwa. "Damu yangu haina neno, shemeji. Wewe mwenyewe ulisema ni ya kwenu."

Nikamwambia, "Nilikosea. Nimekuja kukuomba kidole."

Akafuta udongo, akakinyoosha.

Sikumpelekea majibu. Kesho yake nilimleta hospitali aone kwa jicho lake. Akainamia darubini muda mrefu.

"Hizi zilizopinda za nani?"

"Zako."

"Niwekee za Somoe."

Nikaweka. Akatazama. Akaomba zake tena, halafu za Somoe tena.

"Zimefanana," akasema. Akavaa baragashia yake. "Shemeji, nipakie mpaka Mahurunga."

Alipofika hakuhutubia mtu. Aliutandika mkeka wake palepale ulipokuwa.

Sitawadanganya, dawa hatukuwa nayo. Tulijifunza kumpa maji mengi, kumfunika mvua zikianza, kuwahi hospitali akichemka homa. Hadija alifika miaka kumi na minne, alikuwa na kicheko cha kuamsha jirani, na mimi aliniita "njomba wa sindano". Tulipomzika, baba yake ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Dada yangu alilia kama mama yeyote aliyefiwa, na hakuna aliyemnyooshea kidole.

Kwa hiyo kijana wangu, sayansi ya nusu ni hatari kuliko ujinga mzima, mimi ni shahidi. Kabla hujauliza ukoo wa mkeo una nini, peleka kidole chako.

Uwanja ni wenu wakuu. Kubisha ruksa, ila anayebisha aanze kwa kusema kama yeye mwenyewe amepimwa.