Sahani za Majirani

Asubuhi hiyo nilitoka mji wa Lanham, huku Marekani, bila kujua ninakokwenda. Rafiki aliyenihifadhi kwenye kochi lake alikuwa anapokea wakwe, nami huwa sisubiri kuambiwa niondoke. Nilipanda basi lililotangulia kuja, nikabadilisha, nikabadilisha tena. Nilipoona basi limeandikwa Columbia, nikamkumbuka shangazi yangu.

Shangazi aliishi huko katika kijiji cha wazee, na siku zote nilikuwa na hamu ya kukiona. Mtu huingia akitembea mwenyewe, akapewa fleti. Nguvu zikipungua huhamishiwa jengo la pili, anakoogeshwa na kupewa dawa. Akili ikianza kupotea hupelekwa jengo la mwisho, ambalo mlango wake hufunguka kwa namba wasizoambiwa wakaazi. Yote hayo ndani ya uzio mmoja, pamoja na bustani na bata.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo umefukuzwa wapi?"

Alicheka, akanipisha ndani. Nyuma yake binti yake, aliyekuja kutoka Annandale, alisimama mbele ya kabati lililo wazi. Hakunisalimu. Kabati lilikuwa limejaa sahani, mabakuli na vyombo vya plastiki.

"Vya majirani," binamu alisema. "Mama anavificha. Watu wamecomplain. Nesi anakuja saa tisa kuangalia, na akiona hivi ataandika kuwa akili zimemruka. Watampeleka jengo la mwisho."

"Shangazi, kwa nini hukuvirudisha?"

"Nivirudishe na nini?"

Hapo nikaelewa. Kwetu Unguja jirani akikuletea chakula, sahani yake hairudi tupu. Utatia chochote, hata ndizi mbili. Majirani wa hapo walikuwa wakarimu, huyu keki, yule supu. Lakini tangu kitambaa kiungue jikoni, shangazi alikatiwa umeme wa jiko. Hakuwa na cha kutia. Sahani zikangoja, nyingine zikaja juu yake.

"Mama, hawa ni Wamarekani! Wanataka sahani yao tu."

"Wao wanataka sahani. Mimi ndiye siwezi kugonga mlango wa mtu na sahani tupu kama ombaomba."

"Basi nivitie kwenye gari nikavitupe."

"Ukivitupa ndiyo nitakuwa mwizi kweli." Alikaa, akashika mkono wa kiti. "Rafiki yangu yuko kule jengo la mwisho. Kila nikienda kumtazama, ananishika kanga ananiomba nimtoe."

Binamu akageukia dirishani.

Shule niliiacha mapema, lakini jikoni kwa watu nimezunguka sana. Nilifungua makabati mengine. Kulikuwa na sukari, nazi kavu ya pakiti, iliki. Jiko halikuwaka, lakini maikrowevu ilikuwapo.

"Kashata," nikasema.

"Kwenye hiyo?" shangazi akauliza. "Umeshawahi?"

"Sijawahi. Nataka kujua."

"Huyu udadisi utamzika!" shangazi akamwambia binamu.

King'ora cha moshi kilikuwa juu ya vichwa vyetu. Sukari ilipoanza kunukia, binamu alivua viatu, akapanda kiti, akawa anapepea dari kwa kanga ya mama yake. Shangazi aliinamia kioo cha maikrowevu. Mimi niliweka kidole kwenye kitufe. King'ora kikilia, nesi hatakuwa na haja ya kufungua kabati.

"Bado," shangazi alisema. "Bado... Toa! Toa, unaichoma!"

Rangi yake ilikuwa ya dhahabu, imeungua kidogo pembeni. Tuliitandaza, tukaikata ingali moto, tukatia vipande kwenye kila chombo. Shangazi akabadilisha kanga, akatangulia. Alijua kila sahani na mlango wake. Mzee wa mlango wa pili, aliyelalamika kuliko wote, alipokea yake amenuna.

Likabaki bakuli moja la buluu.

"Hili la nani?" niliuliza.

Shangazi aliligeuza chini juu. Binamu akanitazama.

"Jina litanijia," shangazi alisema.

Halikumjia. Nesi alipofika, bakuli lilikuwa bado mezani. Alikagua kabati tupu, akamsikiliza binamu akieleza habari ya sahani na kashata. Kisha mlango ukagongwa. Mzee wa mlango wa pili alileta sahani ile ile, ina biskuti za tangawizi.

"Afadhali huyu," shangazi aliniambia. "Kafundwa."

Nesi alicheka. Kisha akagusa bakuli la buluu. "Na hili?"

Binamu alifungua mdomo. Shangazi akamzuia kwa mkono.

"La jirani. Nimesahau ni nani."

Nesi hakucheka tena. Alisema shangazi anaweza kubaki kwenye fleti yake mpaka ukaguzi ujao, iwapo tu kutakuwa na mtu wa kukaa naye. Alimtazama binamu. Binamu ana kazi na watoto. Halafu wote watatu wakanitazama mimi, niliyekuwa karibu na mlango, nimeshavaa begi mgongoni.

Sikumbuki lini niliombwa kukaa mahali.

Nilivua begi. Shangazi akavuta godoro jembamba kutoka nyuma ya kabati.

"Viatu mlangoni," alisema. "Hapa si stendi."

Vipande vya mwisho vya kashata tulivitia kwenye bakuli la buluu, tukalifunika, tukaliacha mezani.