Gia Zangu Ndani ya Gari la Mtani

Kazi yangu ni kutengeneza cherehani, na fundi wa cherehani hutanguliza sikio kabla ya bisibisi. Mteja akizungusha gurudumu mara mbili tu, nimeshajua kama sindano imepinda au kama ni yeye mwenyewe hajatia mafuta tangu ainunue. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza nilijuaje. Nilijua kwa kusikia.

Gari langu la rimoti lilikuja Kilwa Masoko na mgeni mmoja wa mitambo ya gesi. Mkataba wake ulipokwisha akaona hana sababu ya kurudi kwao na mzigo, akaniachia mimi niliyemshonea turubai. Lilikuwa na ukubwa wa beseni la kufulia, tairi nene, shokapu nne ndefu, na liliundwa kwa kazi moja: kukimbia juu ya mawe. Baadaye wakapatikana wenzangu watano Masoko na wawili kijiji cha Tingi, wote watu wazima wenye ndevu na wake. Maji ya bahari yakitoka na mwamba ukibaki wazi, tulipanga bendera tukashindana. Mke wangu alisema wenzangu wa rika langu wanaongeza mke wa pili, mimi nimeoa gari.

Miongoni mwa hao watano alikuwamo mtani wangu. Alikuwa karani wa mizani, anapima korosho msimu ukifika, na gari lake alilinunua kwenye mitumba baada ya kuliona langu. Kabila lao na letu ni watani tangu mababu. Akinikuta nakula anaweza kuivuta sahani yangu, na mimi nikimkuta na shati jipya namuuliza kaliiba kwenye kamba ya nani. Kwa miaka kumi na minane nilimwita mwizi wa mizani mbele ya watu, mbele ya mkewe, mbele ya mama yake mzazi, na mama yake alicheka kuliko wote. Kukasirika ni mwiko. Kwenye utani, anayekasirika ndiye mwenye makosa.

Mimi naye tulikaa miezi minane tukiyaongezea magari yetu uwezo, maana yanatoka kiwandani yakiwa na plastiki pale pale unapoomba pawe chuma. Shokapu tulizitia mafuta ya cherehani, yakawa mepesi mno, gari likitua linadundadunda. Tukayachanganya na mafuta ya shokapu za bodaboda mpaka likitua linatulia hapo hapo. Ndani ya tairi tulijaza sponji ya godoro, na mke wangu mpaka leo hajui tuliikata kona ipi. Kwenye rimu za mbele nilibandika vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu ili pua isinyanyuke kwenye mlima. Propela ya plastiki, ile fimbo inayopeleka nguvu kwenye tairi, niliitupa, nikaweka ya chuma.

Kilichobaki ni gia. Niliagiza za chuma kupitia kijana wa Kariakoo, nikasubiri mpaka nikakata tamaa, hatimaye zikaja na basi ndani ya kipakiti kidogo kama kiberiti. Zilikuwa tatu. Moja ilikuwa na jino lenye ncha, nikalipiga tupa, mkono ukazidi kidogo. Tangu siku hiyo kila gia ile ikizunguka ilitoa mlio mdogo, tk, tk, tk, ambao mtu mwingine asingeusikia. Nilijikasirikia wiki nzima, kisha nikauzoea, kisha nikaupenda. Gia za zamani za plastiki nilizitia kwenye chupa ya dawa nikampa mtani akiba. Nilimshauri naye aagize za chuma, akasema plastiki inamtosha, yeye si mtu wa makuu.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka Dar. Kikundi kimoja huko kilikuwa kimejenga uwanja wa mawe, wakataka mtu mmoja kutoka kusini ashindane nao, nauli na malazi juu yao. Watu wa Lindi mjini walikubali kuja kwetu tupate huyo mmoja. Niseme wazi kwamba niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Maisha yangu yote nimeitwa mahali palipoharibika. Sijawahi kualikwa mahali kwa sababu ya kile ninachokijua.

Alhamisi kabla ya shindano mtani alikuja kibandani kwangu. Akasema shokapu zake zinavuja, anaomba gari langu akatazame nilivyofunga mipira ya shokapu zangu. Sikuinuka hata kitini, nilimwonyesha lilipo kwa kidevu. Alilirudisha Ijumaa baada ya sala, limefutwa safi kuliko nilivyompa.

"Nimelipaka grisi kwenye giaboksi, mtani," alisema. "Kesho usije ukasema sikukusaidia."

Nikamshukuru. Asante ile ndiyo inayoniuma mpaka leo, kwa sababu niliisema kwa moyo wote. Gari nilishalichaji na tulikuwa na desturi ya kutoligusa tena kabla ya siku yenyewe, basi nikaliweka juu ya kabati.

Jumamosi tulipanga magari yetu manane na matatu ya Lindi kwenye mwamba. Bendera ikashuka, tukaondoka, na kwenye jiwe la tatu nikasikia tk, tk, tk. Ilitoka upande wa kushoto. Gari langu lilikuwa kulia.

Kidole kikalegea kwenye rimoti. Nilisikiliza gari langu mwenyewe, likawa linakwenda kwa ulaini, halina mlio wowote. Halafu nikasikiliza tena kushoto. Gia zangu zilikuwa zinalia ndani ya gari la mtani wangu. Nikabonyeza, maana sikuwa na la kufanya zaidi, gari likapanda jiwe kubwa nusu yake, na meno yakasagika. Mota ikawa inazunguka peke yake, tairi zimesimama. Yeye akapita, akapanda, akavuka, akashinda.

"Mtani, hilo sasa weka sebuleni liwe pambo," alinipigia kelele, na watu wakacheka.

Nililibeba gari langu nikaondoka. Nilitaka kwanza macho yaone kile sikio lilichosikia. Nyumbani nilifungua skrubu nne za giaboksi, nikazikuta zile zile za plastiki nilizompa kwenye chupa ya dawa, meno yake yamegeuka unga. Zilikuwa zimepakwa grisi, na grisi yenyewe ilipakwa vizuri, kwa kiasi, bila kumwagika. Alikuwa ametulia na kuifanya kazi ile kwa adabu. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Asubuhi nilikwenda kwake. Alikuwa barazani na watu wanakunywa kahawa, nikamwamkia mzee mmoja jirani yake, akaitika marahaba, kisha nikamgeukia mtani nikamuuliza gia zangu ziko wapi.

Hakuhangaika hata kidogo. "Ziko kwenye gari langu," akasema. "Zinakusalimia."

Baraza zima likaangua kicheko. Nikamwambia sitanii. Akafungua mikono akawatazama wenzake. "Mtani kachukua kitu cha mtani. Sasa jamani tuite polisi?"

Yule mzee akaweka kikombe chini. "Mwanangu, utani huo," aliniambia kwa upole. "Ukinuna, faini utalipa wewe."

Nilikuwa nataka neno moja tu kwake. Aseme, "Nimekuibia." Angelisema hata sikioni, hata kwa kunong'ona nikiwa naondoka, ningemsamehe palepale na Dar angekwenda yeye. Lakini alikuwa amejificha mahali ambapo desturi hainiruhusu kumfuata, na alijua. Alijua tangu Alhamisi, alipoingia kibandani kwangu. Watu walikuwa wananitazama wakingoja. Basi nikacheka. Nilicheka, nikagonganisha naye viganja, nikapewa kahawa, nikainywa. Kicheko kile sikukitoa kwa hiari na sijawahi kujidharau kama siku ile.

Alikwenda Dar, akatuma picha amesimama kando ya uwanja na gari lake. Mtu mmoja wa huko akauliza kwenye kundi letu la simu nani amezitengeneza hizo shokapu, maana zinatua vizuri ajabu. Mtani akajibu, huo ni ubunifu wetu wa Kilwa. Niliitazama hiyo "wetu" kwa muda mrefu, nikazima simu.

Aliporudi aliniletea kofia, akaendelea na mizaha kama kawaida. Mimi nilijibu nusu nusu. Gia hakurudisha na sikumuuliza tena, na gari langu lilikaa kabatini mpaka likashika vumbi. Watu wakadhani nimekua.

Baada ya masika mama yake alifariki, huko Tingi. Nilimpenda yule mama. Aliniita mume wake mvivu tangu siku ya kwanza, na kila nikienda alinitukana kwa utamu kabla hata sijavua viatu. Msibani wote walijua kazi yangu ni ipi. Mtani hulala njiani jeneza lisipite mpaka apewe kitu, huiga sauti ya marehemu, huwachekesha wafiwa ili wapumue. Akina mama walishaandaa sarafu za kunipa, wamezifunga kwenye ncha ya kanga.

Mtani wangu alikuwa amesimama mlangoni na kanzu yake. Aliponiona uso ukalegea kidogo, akawa anangoja.

Nikampa mikono yote miwili. "Pole sana, bwana. Mwenyezi Mungu amrehemu mama, na awape subira."

Akaendelea kungoja. Hapakuwa na kingine. Nyuma yangu mtu akauliza kama mtani leo anaumwa. Jeneza lilipotoka nikaingia kwenye mstari, nikalibeba zamu yangu, nikatembea kimya kama mgeni yeyote wa mbali.

Baada ya maziko alinifuata kwenye pikipiki. Mikono yake ilikuwa bado na udongo.

"Mbona hukulala njiani?" aliuliza. "Mama alikuwa anakungoja wewe."

Nikachomeka ufunguo.

"Zile gia nitakuletea. Kesho nitazileta."

"Usijisumbue, bwana."

Hiyo "bwana" ilimwingia. Macho yakajaa maji, na nadhani ndiyo mara ya kwanza siku ile. "Basi nitukane," akasema. "Moja tu. Nitukane niende zangu."

Mtu anaweza kudhani nilikuwa namwadhibu. Sikuwa namwadhibu. Nilisimama mbele yake nikalitafuta tusi, kwa nia njema kabisa, moja katika yale mamia niliyompa kwa miaka kumi na minane bila hata kufikiri. Kila nililolishika lilikuwa la kweli.

Nikampa pole tena, nikawasha pikipiki.