Kamba ya bluu kwenye kioo cha 404

Mwezi uliopita nilitoa kioo cha gari, nikakaa chini kwenye mafuta na vumbi, nikalia mbele ya mwenye gari mpaka majirani wakaja kuangalia.

Hakuna aliyekufa. Kioo hakikuvunjika. Hata mkwaruzo hakikupata.

Nililia kwa sababu ya kipande cha kamba ya nailoni, ya bluu.

Ngojeni niwaeleze. Najua mtanitukana. Tukaneni, lakini someni mpaka mwisho.

Mi naitwa Tajudini, fundi wa vioo vya magari hapa Bwiza, mwaka wa kumi na tisa sasa. Magari mapya sina hamu nayo, unabandika kioo kwa gundi, basi. Mi napenda yale ya zamani.

Kioo cha gari la zamani hakibandikwi. Unakivalisha mpira pembeni kikiwa bado mezani. Halafu unaingiza bageti, ule mkanda wa chuma unaong'aa, ndani ya mpira. Hapo hapo mezani! Ukitia kioo kwenye gari kwanza, bageti haitaingia tena. Utalazimisha, kioo kitapasuka, na mwenye gari atakupasua na we.

Baadaye unazungusha kamba ndani ya mfereji wa mpira, unapaka maji ya sabuni, mnakuwa wawili. Wa nje anapiga kioo kwa viganja, polepole. Wa ndani anavuta kamba, mpira unaruka juu ya bati kidogo kidogo, mpaka kioo kinakaa.

Wa ndani wangu alikuwa mke wangu, Raihana.

Watu walicheka sana. "Taju, umekosa wafanyakazi mpaka unaleta bibi garaji?" Nyamazeni, hamjui kitu. Raihana alikuwa akisikia mpira unakataa, anasema "simama" kabla mi sijajua kuna shida. Miaka mitano hatukuvunja hata kioo kimoja.

Sheria yangu ilikuwa moja: pete na saa mbali na kioo. Pete inakwaruza, na ukipiga vibaya inapasua.

Pete ya Raihana ilikuwa ya marehemu mama yangu. Ndiyo niliyompa mahari. Kila tukianza kazi aliivua, akaitia katika kipochi chake, akakifunga kwenye pindo la kitenge.

Sasa, miaka sita iliyopita, mzee Astère wa Gihosha, mtu aliyestaafu serikalini, akatuletea Peugeot 404 yake. Jiwe lilikuwa limepiga kioo cha mbele. Yaani kile kioo nilikitafuta wiki tatu! Nilikipata Uvira, ng'ambo kule, kimefichwa nyuma ya godoro la mtu. Bageti nilizinyoosha kwa mkono, moja moja, siku mbili nzima.

Siku ya kukiweka, kiliingia mara ya kwanza. Mzee Astère akapiga makofi, akatununulia Fanta. Mi nikazunguka ile gari kama bwana harusi.

Jioni Raihana akaniuliza, "Taju, pete yangu iko wapi?"

"Mi nijuaje?"

"Si nilikupa? Kipochi nilikisahau nyumbani. Nikakupa mukononi, ukasema utaiweka."

"Apana. Hukunipa kitu."

Wallahi sikukumbuka. Kichwa chote kilikuwa kwenye kile kioo.

Tulitafuta siku tatu. Siku ya tatu Raihana akasema, "Mi nafikiri uliiweka juu ya tableau, ile dashibodi ya gari, ikaanguka kwenye matundu ya hewa, pale chini ya kioo. Twende kwa muzee tutoe kioo tuangalie."

"Tutoe kioo?"

"Ndiyo."

"We una akili? Unajua nimekitafuta vipi kile? Ukitoa bageti zitapinda. Kioo kitapasuka. Nitamwambia nini muzee wa watu?"

"Ni kioo tu, Taju. Mi ni muke wako."

"Sitoi."

Hilo neno nalisikia mpaka leo. Sitoi.

Wiki ile ile dada yangu Houda akaniletea maneno. Amemuona Raihana mjini, Rohero, kwa sonara. Ameinama, anaongea na sonara chini chini.

Damu ikanipanda. Sikumuuliza Raihana hata swali moja. Nikachukua simu, nikatuma vocal, ujumbe wa sauti, kwenye group ya familia, ndugu zangu na ndugu zake wote wamo. "Raihana ameuza pete ya mama yangu. Ni mwizi, ni mwongo. Nimemuacha."

Hivyo ndivyo nilivyotoa talaka, jamani. Kwa vocal.

Ile sauti haikubaki kwenye group. Ilifika sokoni, ilifika harusini, ilivuka mpaka Uvira. Watu nisiowajua walinipa pole.

Raihana aliisikia akiwa jikoni, sufuria ya maharagwe iko motoni. Alizima moto, akafunga nguo zake. Mlangoni akageuka.

"Nilikupa mukononi, Taju."

Akaenda kwa mama yake, Buyenzi. Mi nikaenda kazini.

Tuje mwezi uliopita. Mzee Astère akarudi na ile 404. Mpira umekauka, mvua ikinyesha miguu yake inalowa. Nikamwambia mpira mpya ninao, tutatoa kioo, tutarudisha na bageti zake.

Nikamuita jirani yangu Xavier, fundi rangi, anisaidie. Nikakata mpira wa zamani, tukanyanyua kioo, tukakilaza kwenye blanketi. Kilitoka kizima, bageti hazikupinda. Kazi ya nusu saa. Nusu saa tu!

Nikarudi kubandua mabaki ya mpira kwenye bati. Upande wa chini, pembeni, nikaona ncha ya kamba ya bluu. Ilikuwa imebanwa na mpira miaka yote ile, na upande mwingine umezama kwenye tundu la hewa.

Nikaivuta. Ikakwama kidogo, halafu ikatoka.

Ikatoka na pete.

Pete ya mama yangu, imefungwa na kamba ya kazi yangu. Na lile fundo, jamani. Baba yangu ndiye alinifundisha, unazungusha mara tatu, unarudisha ncha kwa nyuma. Garaji zote hizi sijaona mwingine anayelifunga. Raihana nilijaribu kumfundisha, akashindwa, tukacheka mpaka machozi.

Ni mi niliyelifunga.

Hapo ndipo nikakumbuka. Raihana ananipa pete. Mi nakata kipande cha kamba, naifunga ili isipotee, naiweka juu ya tableau. Halafu nazunguka nje, naanza kupiga kioo kwa viganja. Kila nikipiga gari inatikisika, na pete inasogea. Niliisukuma mule ndani kwa mikono hii.

Mzee Astère akasogea akaangalia. "Fundi, hiyo si ndiyo pete ya yule mama?"

"Mama gani?"

"Yule aliyekuwa anakuvutia kamba. Zamani alikuja kwangu Gihosha, amelowa mvua. Akaniomba tutoe kioo, eti pete yake iko ndani. Nikamwambia, mama, bwana wako ndiye fundi, akikubali na mi nakubali. Hakurudi tena."

Nikakaa chini, nikalia.

Kutoka Bwiza mpaka Buyenzi ni mwendo mfupi kwa mguu. Miaka sita sikuwahi kuutembea kwa ajili yake. Kesho yake asubuhi nikautembea.

Anauza vitenge. Nilimkuta anakunja kimoja chenye maua ya njano. Ameolewa tena, nilijua. Ana mtoto wa kike, huyo sikumjua. Alikuwa anacheza na vifuniko vya soda chini ya meza.

"Karibu, fundi," akasema.

Fundi. Hakuniita Taju.

Nikaweka pete juu ya meza, na kamba yake, kama nilivyoitoa. Hakuishika. Aliliangalia fundo muda mrefu.

"Fundo lako."

"Ndiyo."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

Akachukua mkasi wa kukatia vitenge, akaikata kamba. Nikamuuliza, sijui kwa nini, "Na kwa sonara? Houda alikuona."

"Nilienda kuuliza kama wanaweza kutengeneza ingine kama ile. Ili utulie, turudi kazini."

Yaani alikuwa anatafuta njia ya kurudi ndani ya gari na mi, kuvuta kamba. Na mi nilikuwa naandaa vocal.

Nikapiga magoti pale pale mbele ya wateja. "Raihana, nisamehe."

"Simama, watu wanaangalia. Nilikusamehe zamani, ili nipate kulala." Akaitia pete kwenye kipochi. "Hii ni mahari yangu, naichukua. Lakini mama yangu, fundi. Aliacha kwenda harusi za watu kwa sababu yangu. Wakimuona walikuwa wanaficha mikoba. Alikufa mwaka jana, kabla ya Ramadhani, na bado wanasema mutoto wake ni mwizi."

Nililia tena. Yeye hakulia.

"Unataka nifanye nini?" nikamuuliza.

"Ulinisema kwenye simu, nchi nzima ikasikia. Nisafishe huko huko. Utaje jina langu, utaje na lako. Baadaye usirudi hapa."

Basi ndiyo hii mnayoisoma.

Anaitwa Raihana, anauza vitenge Buyenzi. Hakuuza pete. Hakuiba. Hakusema uongo hata neno moja. Mwongo alikuwa mi, Tajudini, fundi wa vioo wa Bwiza, na nilikuwa mwongo kwa sababu nilipenda kazi yangu kuliko mtu aliyekuwa ananisaidia kuifanya.

Nyie wanaume wenzangu, mke wako akikuambia toa kioo, toa kioo. Kikivunjika, utaenda Uvira kutafuta kingine. Mi nimekitoa nimechelewa miaka sita, na kimetoka kizima, na hakinifaidi kitu.

Ile 404 nimeshaimaliza. Xavier ndiye alikaa ndani akavuta kamba. Alivuta haraka, mpira ukajikunja kwenye kona, tukarudia mara tatu. Hakuna aliyesema "simama".

Haya maneno nimeyasoma kwa sauti, nikayatuma pia kwenye ile group ya familia, maana ndiko nilikoanzia. Houda amesikiliza. Wajomba wamesikiliza. Namba ya mama yake Raihana bado imo, hakuna aliyeitoa. Kwake ujumbe haujafika.